Aliyemfungua Kahawa

Jumamosi iliyopita nilialikwa Kiptere kwa chakula cha mchana, nikarudi nyumbani na hasira ambayo bado ninayo ninapoandika haya. Aliyenialika ni Chepkemoi, rafiki yangu wa ujana, ambaye amestaafu ualimu na akataka watu wake wa zamani wakae naye mezani. Sebule yake ni ya mtu aliyefanikiwa: makochi yamevalishwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, televisheni kubwa ilikuwa ikionyesha mpira bila sauti, na ukutani kulikuwa na picha za watoto wake wakiwa na kofia za kuhitimu. Tulikula kuku, ugali wa wimbi na isagek, ile mboga chungu, iliyopikwa kwa maziwa mpaka uchungu ukaisha, na mursik, maziwa ya mgando, ikazunguka kwenye kibuyu chake. Nilikuwa na furaha, sitadanganya. Ndipo mjukuu wake mmoja, msichana wa sekondari, akanyoosha kidole kwenye picha ya zamani iliyowekwa juu ya kabati. “Gogo,” akamwita nyanya yake, “hii farasi ilikuwa ya nani?” Chepkemoi akacheka kabla hajajibu. “Huyo ni Kahawa, farasi ya babangu. Uliza gogo Atieno hapo. Ni yeye alimfunga mdomo mpaka akakufa.” “Alimfunga na nini? Mask?” “Mask kabisa! Hata kabla ya korona!” Chumba kizima kikaangua kicheko. Mkwe wake alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Mimi nilikuwa na kipande cha kuku mdomoni, nikakitafuna mpaka kikakosa ladha.

Haikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia hadithi hiyo. Nimeisikia sokoni Boito, nimeisikia kwenye harambee ya kanisa, na siku moja niliisikia kutoka kwa mtu ambaye hakujua kwamba anayemsimulia ni mimi mwenyewe. Kila mara mimi ni yule msichana Mjaluo wa ziwani aliyemnyima farasi wa watu chakula. Nimekuwa nikinyamaza kwa sababu nilijiambia kwamba walioanzisha maneno hayo hawakuelewa, na mtu asiyeelewa humgombezi. Sasa nina wajukuu, magoti yangu yanalia nikipanda ngazi, na sitaki kuzikwa pamoja na uongo wa watu wengine. Nitausimulia mwaka ule wa Kahawa jinsi ulivyokuwa, na atakayeudhika na audhike.

Nilifika Boito nikiwa na cheti kipya cha mifugo na sanduku la bati. Kazi niliyoandikwa ilikuwa ya ng'ombe wa maziwa wa Mzee Bii, mfanyabiashara aliyenunua nyumba ya meneja mmoja wa mashamba ya chai aliyekuwa amerudi kwao Ulaya. Nyumba ilikuja na vitu vyake vyote: mapazia, jiko la kuni, uwanja mpana wa nyasi mbele ya veranda, na farasi jike mmoja ambaye hakuna mtu aliyejua afanyiwe nini. Jina lake lilikuwa Kahawa kwa sababu ya rangi yake, na aliyempa jina hilo katikati ya majani chai alikuwa mtu wa utani. Nililala katika chumba kilichopakana na zizi lake, chumba kilichonuka ngozi ya matandiko na mafuta ya taa, na kila alasiri mvua ilipiga mabati kwa kelele hata mtu akikuita mlangoni humsikii. Wafanyakazi tulikula jikoni, katika jengo la peke yake nyuma ya nyumba kubwa, jeusi kwa moshi. Siku nyingi tulikula ugali na maharagwe, siku nyingine ugali na sukuma, na chai ya maziwa haikukosekana. Mama Joan, mpishi, ndiye aliyepakua. Arap Koros, mzee wa Chebunyo aliyesimamia ng'ombe, alikalia gogo lake la mti karibu na moto na hakuna aliyethubutu kulikalia. Dirisha la jikoni lilitazamana na veranda ya nyuma, basi chochote kilichosemwa na wenye nyumba tulikipata kikiwa bado moto.

Chepkemoi alikuwa binti wa Mzee, rika langu, amemaliza chuo cha ualimu na yuko nyumbani akingoja kupewa shule. Alichoshwa na kukaa verandani na wazazi, akaanza kuja kula nasi jikoni, kisha akawa anakuja zizini. Ni yeye aliyenionyesha kwamba Kahawa anapenda kukunwa chini ya taya, na kwamba ukimkuna hapo anafumba macho na mdomo wa chini unaning'inia kama wa bibi aliyesinzia kanisani. Tukawa marafiki wa kweli, wa kusukana nywele na kuazimana sweta. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba ninamchukia mtu ambaye sikuwahi kumpenda.

Mvua ndefu ziliposhuka, nyasi ya kikuyu kwenye ule uwanja ikawa nene na laini, na Kahawa akala kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mzee Bii alifurahi sana. Huku kwetu mnyama mnene mbele ya nyumba ni sifa ya mwenye nyumba, na wanawake waliokuwa wakipeleka majani chai kituoni walisimama barabarani na mizigo yao mgongoni kumtazama. Mimi nilisoma ng'ombe. Farasi tulifundishwa kwa asubuhi moja tu, na mwalimu mwenyewe alionekana kuwaogopa. Lakini hata mimi niliona asubuhi moja kwamba mnyama huyu hasimami vizuri: miguu ya mbele ameitupa mbele, uzito wote ameuegemeza nyuma, hataki kupiga hatua. Nilimwomba Mzee amwite daktari wa mifugo kutoka Kericho mjini. Daktari alikuja, mtu mwembamba wa maneno machache, akachuchumaa matopeni na suruali yake safi. Chepkemoi alikuwa ameshika kamba ya kichwa. Mimi niliambiwa niweke kiganja kwenye kwato.

“Unasikia moto?”

“Nasikia, daktari.”

“Na hapa nyuma ya kifundo, mshipa unapiga?”

“Unapiga sana.”

“Hii nyasi yenu ni sukari tupu kwake. Safari hii tumewahi. Akiachwa tena ale vile anataka, mfupa ya ndani itaachana na kwato, na hiyo haina dawa. Nikiitwa tena kwa sababu hiyo nitakuja na sindano ya kumlaza milele. Mumeelewa?” Alitutazama wote wawili, mimi na Chepkemoi, na wote wawili tulisema tumeelewa. Kisha akaeleza. Akishapona, asifungiwe zizini siku nzima, kwa sababu farasi akikaa bila kutembea na bila kutafuna anaharibika akili na tumbo. Atoke, atembee, lakini mdomo wake uwekwe kifuniko. “Si kumfunga kabisa. Apate majani kidogo kidogo, apumue, anywe maji. Kama hawezi kunywa, mmemuua kwa njia ingine.” Akaondoka.

Kifuniko cha farasi hakikuuzwa mahali popote tulipojua. Arap Koros akasema tusihangaike. “Hiyo ni kazi kidogo tu, mtoto. Mimi nimefunga ndama mdomo tangu nikiwa kijana.” Na ni kweli, hakuna aliyemshinda. Ndama anapoachishwa kunyonya, wafugaji wa huku humvalisha kifuniko cha ngozi kinachokaza pua na mdomo, kwa sababu shabaha yake ni ndama asipate chochote. Wakitaka anywe, wanamvua. Koros akachukua ngozi mbichi ya ng'ombe, akakata mikanda, akasuka kitu kizuri cha kutazama, akamvalisha Kahawa kikiwa kimembana barabara. Niliuliza kama hakijambana mno. Akaniambia kikilegea atakivua kwa kusugua mtini. Alasiri mvua ikanyesha ngozi ikalowa. Kesho yake jua lilitoka kali, na ngozi mbichi ikikauka inajikunja. Nilipomfikia, mikanda ilikuwa imezama kwenye nyama ya shavu, pua zimebanwa, na alikuwa amesimama juu ya karai la maji akiligusa gusa na asiweze kunywa tone. Nilikimbia jikoni nikanyakua kisu mkononi mwa Mama Joan. Nilikata ile mikanda nikilia, na nikamwita Koros kwa sauti ambayo msichana hamwitii mzee. Alikuja, akaona, akavua kofia. “Nimefanya ya ndama,” alisema. Hakujitetea, na kwa hilo nilimheshimu mpaka alipokufa.

Tukaanza upya, mimi na Chepkemoi. Nusu ya mtungi wa plastiki tuliyoitoboa ilimkwaruza midomo na ikamfanya atoe jasho la pua. Kikapu kidogo cha kuchumia chai kilikuwa na hewa nzuri, lakini Kahawa alikila, akakimaliza kwa siku chache, tena kwa furaha. Kila kilichoshindwa kilitufundisha kitu. Mwishowe tukamwendea fundi wa akala, vile viatu vya mpira wa gari, sokoni Boito. Nilimweleza nataka kitako cha mpira wa gurudumu, duara, chenye tundu katikati linaloingia vidole vyangu viwili, na matundu madogo pembeni ya kupitisha maji. Akaniuliza mguu wa nani huo. Soko zima lilicheka. Kuta za kifuniko tulizisuka kwa mikanda ya viti tuliyoitoa kwenye pikapu iliyokufa nyuma ya gereji ya Mzee, kwa sababu mikanda hiyo ni mipana, laini, na mvua haiifanyi kitu. Palipogusa mfupa wa pua na nyuma ya masikio tulishonea kipande cha blanketi, na Chepkemoi alipoona blanketi halitoshi alikata mkono wa sweta yake.

Kukivalisha kulikuwa kazi ya subira, na naiandika hapa ili wale wanaocheka wajue wanacheka nini. Nilikaza mkanda wa shavu mpaka vidole vyangu viwili vikapita chini yake bila kusukumwa. Nilihakikisha midomo yake haigusi kitako akiwa amesimama, na kwamba akitafuna taya linafunguka lote. Nilihakikisha hakuna kitu karibu na jicho. Juu, nyuma ya masikio, sikufunga kwa mkanda. Nilifunga kwa uzi wa kushonea gunia, ili akinaswa kwenye ua uzi ukatike yeye asivunjike shingo. Siku ya kwanza alikivaa kwa muda wa sisi kunywa chai. Chepkemoi alipitisha majani kwenye lile tundu moja moja, mpaka Kahawa akagundua kwamba akibonyeza kitako chini kwa upole ncha za nyasi zinaingia. Alipogundua, alipiga mkia na kunikanyaga mguu. Tulikumbatiana pale uwanjani tukiwa tumelowa mpaka ndani. Kila jioni nilikivua, nikapitisha mikono usoni pake pote kutafuta kidonda au joto, nikampa majani makavu zizini, nikakiosha kifuniko na kukitundika. Katika miezi iliyofuata hakupata kidonda hata kimoja. Shingo yake iliyokuwa ngumu kwa mafuta ikalainika. Alianza kukimbia tena, kile kifuniko kikiruka ruka mdomoni, na alipendeza.

Lakini watu! Watu walinichosha mwaka ule kuliko kazi yoyote. Wapita njia walisimama kwenye ua na kunihurumia mnyama mbele yangu kana kwamba mimi ni kiziwi. Mama Joan, mwanamke mwenye moyo mzuri, alinipakulia chakula akiguna. “Wewe unakula, yeye amefungwa mdomo. Hata Mungu hapendi.” Nilimweleza habari ya kwato. Alisikiliza, akatikisa kichwa, na kesho yake nilimfuma akipitisha ganda la hindi kwenye tundu. Hiyo ndiyo huruma ninayoichukia mpaka leo, huruma ya mtu ambaye hataki kuelezwa. Inamfanya ajisikie mwema kwa muda wa dakika, na gharama analipa mnyama. Mzee Bii naye alikuwa na neno lake. Nilimsikia kupitia lile dirisha akimwambia mkewe, “Watu wanasema nimeshindwa kulisha farasi. Mimi, Bii! Na nyasi yote hii!” Lakini alimwogopa daktari, basi kifuniko kikabaki.

Kisha ikaja habari ya koito. Chepkemoi alikuwa amepata mchumba, kijana wa Kiptere, na watu wake wangekuja kukubaliana kuhusu ng'ombe wa mahari. Nyumba ilipigwa rangi, ua ukafyekwa, shangazi wakaanza kufika na mabuyu ya mursik na maneno. Siku ya koito wageni hawasemi sana mwanzoni; wanatazama. Wanatazama zizi, wanatazama maji, wanatazama kama wanyama wa boma wameshiba, na kutokana na hayo wanaamua kama wanaoa kwa watu au la. Mzee aliniita verandani. “Wakwe wanakuja. Watakuta mnyama yangu amefungwa mdomo kama mwizi? Wataenda wakisema nini?” Nilimwambia, “Mzee, siku hiyo nitamweka zizini na majani makavu. Hawatamwona kabisa.” Akasema farasi ndiye mapambo ya boma, hawezi kufichwa kama mgonjwa. Chepkemoi, aliyekuwa ameketi hapo akikunja vitambaa, akaingilia. “Baba, wacha. Mimi na Atieno tutapanga.” Tulipotoka akanishika mkono akaniambia, “Nitaongea na yeye. Kahawa hawezi kuguswa, nakuapia.” Nilimwamini. Nilipotumwa Kericho mjini kuleta vitu vya sherehe na kulala huko kwa jamaa ya Mama Joan nikingoja gari la mizigo, nilimwachia yeye kifuniko, nikamkumbusha vidole viwili, nikaenda bila wasiwasi.

Nilirudi asubuhi ya koito yenyewe. Gari lilipokata kona niliona uwanja, na Kahawa katikati yake, mdomo mtupu, kichwa chini, akila. Tumbo lilikuwa limejaa pande zote mbili. Nyasi ilikuwa imeliwa mpaka karibu na maua, na hapo nilijua kwamba hakuanza leo. Nilimkimbilia na mizigo ya watu bado mkononi. Aliinua kichwa, akanijua, akataka kuja, na hakuweza. Alisimama vile vile alivyosimama ile asubuhi ya kwanza, miguu mbele, uzito nyuma, ila sasa alikuwa akitetemeka. Kifuniko nilikikuta kimetundikwa mahali pake zizini. Uzi wa gunia ulikuwa mzima. Hakikukatika, hakikuanguka, kilifunguliwa na mkono uliojua kinavyofunguliwa, na mikono iliyojua ilikuwa miwili tu, yangu na ya Chepkemoi. Nilikwenda jikoni kutafuta mtu wa kumtuma kwa daktari. Kabla sijaingia nilisikia sauti za shangazi upande wa ndani, wakikatakata nyama. “Umefanya vizuri kumfungua, mtoto wetu. Angalia sasa vile anapendeza. Wakwe wangesema tunanyima wanyama chakula.” Na sauti ya Chepkemoi, ndogo, ikimjibu shangazi yake: “Ndio, senge.” Nilisimama mlangoni nikimsikia. Sikuingia. Nilienda mwenyewe kupiga simu kwenye kituo cha majani chai.

Wageni walikuja, wakala, wakamsifu farasi. Wazee wa Kiptere walisimama verandani na vikombe vyao wakisema hii boma ina baraka, na Mzee Bii akapanua mabega. Mimi nilikuwa upande wa pili wa uwanja nikimwagia kwato maji baridi kwa karai, na walidhani namwosha ili apendeze zaidi. Koito ilifanikiwa. Daktari alifika wageni wakiwa wameanza kuimba. Alimgusa miguu yote, hakuniuliza kitu, akafungua mkoba. Kahawa alikuwa amelala kwa wakati huo na hakuna aliyeweza kumwinua. Niliketi kwenye nyasi nikakipakata kichwa chake, na nikamkuna chini ya taya. Hakufumba macho. Arap Koros alisimama nyuma yangu akiwa ameshika kofia mikononi, na mtu mwingine hakuja.

Kesho yake Mzee Bii aliniita mbele ya familia yote. Walikuwa wakinywa chai. Alisema nilimnyima farasi chakula muda mrefu hata siku alipoona nyasi akapata wazimu akala mpaka akapasuka, na kwamba kila mtu aliniambia lakini mimi nilijifanya daktari. Nilimtazama Chepkemoi. Alikuwa akimimina chai kwenye kikombe cha shangazi yake na hakuinua macho. Nilingoja. Naapa nilingoja aseme neno moja, hata lenye kigugumizi, mpaka kikombe kikajaa na akakiweka chini. “Chukua vitu yako,” Mzee alisema, “na urudi kwenu.” Nilibeba sanduku langu la bati mpaka barabarani. Nilizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa chai, nyuma ya kiwanda, upande wa pili wa bonde lililo mbele ya nyumba ile ile. King'ora cha kiwanda ndicho kilichoniamsha nikiwa mtoto, na shule zangu zote zilikuwa Kericho. Ziwa nilikuwa nimeliona kwenye mazishi tu. Nilisimama pale langoni, mtu mzima mwenye cheti, nikitafuta kujua ananituma upande gani.

Chepkemoi aliniandikia baada ya harusi yake, barua ya salamu tupu, na mimi nikamjibu. Mtu ataniuliza kwa nini. Ni kwa sababu nilimpatia udhuru. Nilijiambia alidhani siku mbili si kitu, kwamba shangazi walimzidi nguvu, na kwamba aliposikia babake akisema ni wazimu wa nyasi aliamini. Tukazikiana wazazi. Watoto wetu wakachezeshana. Urafiki wote huo niliujenga juu ya kuamini kwamba hakujua.

Basi Jumamosi, kicheko kilipotulia na sahani zikatolewa, nilimfuata jikoni. Alikuwa peke yake akijaza thermosi. Jikoni kwake kuna vigae vyeupe na jiko la gesi, na kila kitu kinang'aa. Nilifunga mlango nyuma yangu.

“Chepkemoi, ni wewe ulimfungua Kahawa.”

Hakugeuka. “Nani alikuambia?”

“Niliwasikia. Wewe na senge zako, siku ile ile.”

Alifunika thermosi taratibu, akaukaza mfuniko, akafuta matone. “Kumbe miaka yote umejua,” alisema.

“Nilidhani wewe ndiye hujui.”

“Nilijua. Si daktari alisema nikiwa nimeshika kamba? Baba alinikalia, mama akalia, senge wakasema wakwe watarudi njiani. Nikamfungua ile siku ulienda. Jioni nikamwona vile amesimama, nikajua. Nikasema kama nimeharibu nimeharibu, acha wageni waje kwanza.”

“Ulimwona jioni, na ukamwacha ale mpaka kesho yake.”

“Atieno, plis. Ningefanya nini?”

“Na mbele ya babako? Ukamimina chai?”

Hapo alinigeukia, na kilichonishangaza ni kwamba uso wake haukuwa na aibu. Ulikuwa uso wa mtu anayeeleza jambo la kawaida kwa mtu mgumu wa kuelewa. “Sasa ningesema ni mimi, bibi harusi? Wangesema nimeanza ndoa na kisirani. Ningebaki nyumbani mpaka leo. Lakini wewe haikuwa shida. Wewe ungerudi tu kwenu.”

“Kwetu ni wapi, Chepkemoi?”

Alikunja uso kidogo, akifikiri. “Si ni huko ziwani?”

Nililala naye chumba kimoja siku za mvua ya mawe. Alikuja kambini kula samaki kwa mama yangu, akasimama kwenye mlango niliozaliwa nyuma yake, akatazama kutoka hapo na kuona paa la nyumba ya babake ng'ambo ya bonde. Alinionyesha kwa kidole.

Nilifungua mlango nikarudi sebuleni. Mpira ulikuwa bado unachezwa bila sauti. Nilisimama mbele ya televisheni ili wanione wote, nikamwambia yule mjukuu kwamba farasi hakuuawa na kifuniko, kwamba kifuniko ndicho kilichomweka hai, na aliyekifungua akijua kitakachotokea ni nyanya yake. Mkwe akasema, “Lakini mama, hiyo si ni farasi tu?” Nikamwambia ndiyo, alikuwa farasi, na mimi nilikuwa nani? Msichana alikuwa amemgeukia Chepkemoi, aliyekuwa mlangoni na thermosi mkononi.

“Ni ukweli, gogo?”

“Kunyweni chai,” Chepkemoi alisema.

Aliwamiminia wote, akamalizia na mimi. Nilikiacha kikombe mezani kikiwa kimejaa, nikabeba mkoba wangu, nikaenda kwetu, Kericho.